Semimodula au Analogi ya Kisasa? Mwongozo wa Kununua Sintesaiza ya Kwanza ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Wanaouliza swali hili huku kwetu ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mpiga kinanda wa kwaya, mwenye Yamaha PSR ya siku nyingi, ambaye sauti zake anazijua hadi zimemkinai. Wa pili ni prodyuza mwenye chumba chake Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya, au kule Kihesa, Iringa, ana laptopu, saundkadi na programu ya muziki ya FL Studio, na anatafuta besi isiyofanana na ya kila mtu. Wote wamefika njia panda ileile: fedha iliyopo ni ya sintesaiza moja tu, yaani chombo kinachozalisha sauti kwa umeme na kukuacha uichonge mwenyewe, na hawajui wachukue semimodula, ile yenye matundu na nyaya usoni, au analogi ya kisasa yenye kibodi, kiskrini kidogo na sauti zilizohifadhiwa ndani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Usichague kwa kusikiliza ipi inalia vizuri zaidi, maana zote zinalia vizuri. Jiulize kwanza nani anakusubiri ukiwa umeshika chombo. Kama kuna kwaya, MC wa harusi au mteja anayelipia studio kwa saa, unahitaji chombo chenye kumbukumbu. Kama kazi yako unaifanya peke yako usiku, mlango umefungwa, unaweza kuishi bila kumbukumbu, na hapo ndipo semimodula inapolipa gharama yake. Hatua zinazofuata ni za kukusaidia kujua uko upande gani, na kukuepusha na hasara za baridi, umeme na safari ya mzigo kutoka Dar.

Hatua ya 1: Jua tofauti iko wapi

Katikati ya miaka ya 1960, Robert Moog huko New York na Don Buchla huko California walianza kutengeneza sintesaiza za moduli. Kila kazi ilikuwa na sanduku lake: osileta ya kuzalisha sauti, filta ya kuichonga, amplifaya ya kuipandisha na kuishusha. Bila nyaya, hakuna kilicholia. Mwaka 1970 ikaja Minimoog Model D, ambayo nyaya zake zilifungwa ndani moja kwa moja, ukawasha na kupiga. Mwaka 1971 ARP 2600 ikashika njia ya kati: imeunganishwa ndani tayari, lakini matundu yameachwa wazi kwa anayetaka kubadilisha. Korg MS-20 ya 1978 ilifuata njia hiyohiyo. Na mwaka huohuo wa 1978 Prophet-5 ya Dave Smith ilileta kitu kingine kabisa: kompyuta ndogo ndani ya chombo inayokumbuka nobu zote (vile vishikio vya kuzungusha) zilikaaje, ukaweza kuirudisha sauti kwa kubonyeza.

Ugomvi wa leo umezaliwa hapo. Semimodula ni ukoo wa ARP 2600 na MS-20. Analogi ya kisasa, kama Korg Minilogue au Sequential Prophet-6, ni ukoo wa Prophet-5. Umeme unaopita ndani unaweza kufanana sana, ila njia za kuutawala hazifanani.

Jambo moja kuhusu semimodula watu hulielewa vibaya. Haihitaji nyaya ili ilie. Nyuma ya kila tundu muhimu kuna swichi ndogo. Tundu likiwa tupu, swichi inapitisha njia ya kiwandani, tuseme envelopu (inayopanga sauti ipande na kushuka vipi kila unapobonyeza) kwenda kwenye filta. Ukichomeka waya, swichi inakata njia hiyo na kuweka ya kwako. Ukichomoa, ya kiwandani inarudi. Kwa hiyo anayeogopa nyaya anaweza kukaa na semimodula mwezi mzima bila kuchomeka hata moja, akajifunza nobu kwanza.

Hatua ya 2: Pitia wiki yako ya muziki

Chukua karatasi, andika kazi zako za wiki ya kawaida. Usiandike ndoto, andika kazi.

Tuseme Jumapili uko ibadani. Kwaya imemaliza wimbo wa kwanza uliohitaji pedi, ile sauti laini ndefu ya nyuma. Mchungaji anasema maneno mawili, halafu mama mmoja kwenye safu ya sauti ya pili anaanzisha pambio ambalo halikuwa kwenye ratiba, tena kwa ufunguo wake mwenyewe. Una sekunde tatu za kutafuta ufunguo na sekunde hizohizo za kubadili sauti. Kwenye Minilogue unazungusha nobu ya programu, unapata namba uliyoihifadhi, mkono wa kushoto umeshaanza kusindikiza. Kwenye semimodula unatakiwa uchomoe nyaya mbili, ushushe filta, urefushe envelopu, uhakikishe osileta ya pili haijasogea. Mama yule yuko beti la pili tayari.

Halafu kuna suala la sauti ngapi kwa mpigo. Semimodula nyingi hutoa nota moja tu kwa wakati. Bonyeza vidole vitatu, utasikia kimoja. Moog Matriarch ya 2019 inaweza kutoa nota nne, ila zote zinapita kwenye mkondo mmoja wa filta, hivyo nota mpya ikiingia haichongwi kivyake. Minilogue ina sauti nne kamili, kila moja na filta na envelopu zake. Behringer DeepMind 12 ina kumi na mbili. Kama kazi yako ni kusindikiza waimbaji kwa mkono mzima, nota moja haikufikishi popote.

Sasa igeuze karatasi. Prodyuza anayetengeneza biti anahitaji nini? Besi moja nzito. Mdundo wa chini. Mlio wa ajabu wa kuingilia kiitikio. Vyote ni vya nota moja, na vyote vikisharekodiwa kwenye kompyuta vimehifadhika, chombo kisahau kinavyotaka. Kwa mtu huyu ukosefu wa kumbukumbu si kilema. Kuna hata wanaousifia, kwamba unawalazimisha kurekodi papo hapo badala ya kuhifadhi sauti mia mbili ambazo hazitatumika. Nawaelewa, japo sifa hiyo huisha siku mteja anaporudi baada ya wiki mbili na kusema anataka "ile besi ya mwanzo, lakini iwe fupi kidogo". Ukiwa na semimodula, jiwekee desturi: kabla ya kuchomoa waya wowote, piga picha ya uso wote wa chombo kwa simu, na rekodi nota chache kavu bila rivabu wala kompresa. Picha itakurudisha karibu, haitakurudisha palepale.

Kama karatasi yako ina pande zote mbili, Jumapili kanisani na katikati ya wiki studio, angalia upande unaokuingizia fedha au unaokupa aibu ukikosea, ununue kwa ajili ya upande huo.

Hatua ya 3: Jaribu nyaya bila kulipa chochote

Madukani Mwanjelwa au Miyomboni, Iringa, utaona vinanda vya Yamaha na Casio, ila sintesaiza yenye matundu ya kuchezea kabla ya kununua ni nadra. Usiagize kwa kuona video tu. Pakua VCV Rack, programu ya bure inayoiga sintesaiza za moduli kwenye kompyuta. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua pamoja na moduli zake za msingi huhitaji bando tena. Toleo la bure linasimama lenyewe. Anayetaka kuitumia ndani ya FL Studio bila kulipa atafute Cardinal, ambayo imejengwa juu ya Rack na inaingia kama plagini.

Fanya zoezi hili moja, litakuonyesha mengi kuliko maelezo yangu. Tunatengeneza mdundo wa chini, kiki, kutoka kwenye mlio mtupu.

Fungua moduli tano: LFO (inayotoa mapigo ya polepole), ADSR (envelopu), VCO (osileta), VCA (amplifaya) na ile ya kutoa sauti kwenye spika. Kutoka kwenye LFO chukua tundu la wimbi la mraba, liunganishe na tundu la GATE kwenye ADSR. Weka LFO kwenye hezi 2, utapata mapigo 120 kwa dakika. Kwenye VCO chukua wimbi laini la SIN, lipeleke kwenye VCA, na VCA uipeleke kwenye spika. Sasa peleka waya kutoka ADSR hadi kwenye tundu la kudhibiti VCA. Utasikia "duu, duu, duu", mlio unaopanda na kushuka. Kwenye ADSR, shusha attack (muda wa kupanda) na sustain (kiwango kinachobaki) hadi chini kabisa, decay (muda wa kushuka) iwe fupi. Imekuwa "du, du, du". Bado si ngoma.

Chukua waya wa pili kutoka kwenye tundu lilelile la ADSR, upeleke kwenye tundu la FM la VCO, lile la kupandisha na kushusha nota, kisha fungua taratibu kinobu kinachohusika na FM. Sasa kila pigo linaanza juu na kuporomoka chini kwa haraka. Shusha VCO oktavu mbili hivi. Hiyo ndiyo kiki, na kwa kuongeza au kupunguza decay unaweza kuipeleka kutoka kishindo kifupi hadi mvumo mrefu. Waya mmoja ndio umebadilisha mlio kuwa ngoma.

Angalia moyo wako ulifanya nini ulipofungua kile kinobu cha FM. Kuna mtu hapo anasahau kula. Huyo semimodula ni yake. Kuna mwingine anawaza, "Kwa nini nisitumie sampuli ya kiki niliyonayo tayari?" Ni swali halali kabisa, na anayeuliza hivyo anunue chenye kumbukumbu asijisumbue.

Kaa na programu hii wiki kadhaa kabla ya kuamua. Wengi hukata tamaa siku ya tatu, na heri wakate kwenye cha bure.

Hatua ya 4: Hesabu baridi

Miongozo mingi ya ughaibuni inapita juu ya jambo hili kwa sentensi moja. Sisi wa Mbeya, Njombe na Makete hatuwezi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko chini sana ya hapo, na Juni na Julai asubuhi unatoka na koti. Osileta ya analogi inalisikia joto kama wewe.

Sababu iko hivi. Ili nota ipande oktavu moja kila volti moja inapoongezeka, ndani ya osileta kuna transista zinazogeuza volti kuwa mkondo kwa mkunjo maalumu. Mkunjo huo unategemea joto la transista: karibu asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, katika joto la kawaida la chumba. Inaonekana ndogo. Lakini nusu toni moja ina senti 100, oktavu ina senti 1,200, kwa hiyo nota iliyo oktavu tatu juu ya ile uliyotyunia itasogea kama senti 12 kwa nyuzi moja tu, kama hakuna fidia. Chumba kikipanda nyuzi kumi kutoka alfajiri hadi saa tano, hiyo ni zaidi ya nusu toni nzima. Chombo kikipata joto, nota za juu zinashuka, huku za chini zikionekana ziko sawa, ndiyo maana mpigaji anahisi "kinanda kimepinda" bila kujua kimepinda wapi.

Watengenezaji wanalijua hili. Wanaweka rezista maalumu inayobadilika na joto ili kufidia, kwa hiyo chombo kizuri hakitapinda kiasi hicho. Bado, tofauti inabaki, na inagawa vyombo katika makundi matatu.

Semimodula nyingi unazityuni mwenyewe kwa sikio au kwa tyuna ya simu. Washa, acha dakika ishirini hadi thelathini, ndipo utyuni. Ukityuni mara tu baada ya kuwasha kwenye chumba chenye baridi, utatyuni tena.

Analogi nyingi za kisasa zenye osileta za volti, kama Minilogue, zina kompyuta ndani inayozityuni zenyewe. Chombo kikipinda, unatoa amri, kinajipima na kujirekebisha.

Kundi la tatu ni zile ambazo osileta yake ni ya analogi lakini saa ya kidijitali ndiyo inayoishikia kasi. Hizi huitwa DCO. Roland walitumia mbinu hiyo kwenye Juno-6 mwaka 1982 na Juno-106 mwaka 1984, na leo DeepMind 12 na Prophet Rev2 zinaitumia. Tyuni yake haihangaiki na hali ya hewa. Wapo wanaosema hazina "roho" kama za volti. Ukiwa unapiga Makete mwezi wa saba kwenye kanisa lenye bati tupu na milango wazi, roho utaitafuta baadaye, kwanza tafuta tyuni.

Kuna la ziada: chombo kilicholala kwenye buti la gari usiku wa baridi kikiingizwa kwenye ukumbi uliojaa watu, mvuke unaweza kuganda ndani yake. Kiache ndani ya begi lake lililofungwa hadi kizoee joto la ukumbi, ndipo ufungue na kuwasha.

Hatua ya 5: Umeme

Hapa nitakuwa mfupi. Umeme wetu ni volti 230. Soma maandishi ya adapta: ikisema 100–240V, badilisha plagi tu. Iliyotoka Japani kwa mtumba mara nyingi imeandikwa 100V pekee, na ya Marekani 120V. Hizo ukizichomeka ukutani zimekufa. Ukinunua adapta mbadala, linganisha vitu vitatu: volti, ampea na alama ya chanya iko katikati au nje.

Umeme ukikatika, semimodula haipotezi sauti kwa sababu haina sauti iliyohifadhiwa ya kupoteza. Nobu na nyaya zimebaki zilivyo. Analogi yenye kumbukumbu inapoteza ulichokuwa unakitengeneza bila kuhifadhi, basi jenga tabia ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kila baada ya hatua nzuri. Korg Monologue na Volca Keys zinatumia pia betri sita za AA, zile za rimoti. Kwa anayeishi mtaa ambao TANESCO wanakatakata, hiyo ni sababu nzito kuliko wingi wa osileta.

Hatua ya 6: Angalia itaongeaje na ulichonacho

Watu wengi hufikiri kinanda chao cha zamani kitapiga sintesaiza mpya moja kwa moja. Inategemea kina tundu gani nyuma. MIDI ya 1983, lugha ambayo vyombo vya muziki hupeana amri, yenye tundu la duara la pini tano, ikiwa kwenye kinanda na kwenye sintesaiza, waya mmoja unatosha. Lakini PSR nyingi ndogo za karibuni zina USB tu, ile inayotegemea kompyuta katikati. USB ya kinanda kwenda USB ya sintesaiza haitafanya lolote, kwa sababu zote mbili zinamsubiri kompyuta aanze mazungumzo. Utahitaji laptopu iwe imewashwa, au kisanduku cha kupokelea USB.

Moog Mother-32 na Behringer Neutron zina MIDI ya pini tano, hivyo hazina shida. Moog DFAM haina MIDI kabisa. Ni chombo cha midundo kinachojiendesha kwa sikwensa yake, yaani sehemu inayorudia nota ulizozipanga, kizuri mno, na ni chaguo baya la kwanza kwa anayefikiri atapiga wimbo juu yake.

Ukiamua kununua semimodula mbili za kampuni tofauti ziongee kwa volti, hakikisha zinatumia lugha moja. Nyingi hufuata volti moja kwa oktavu. MS-20, pamoja na MS-20 mini ya 2013, inafuata hezi kwa volti, na ukizichanganya bila kifaa cha kati nota zitatoka ovyo. Kisikwensa cha Korg SQ-1 kinaweza kutoa lugha zote mbili.

Nyaya za semimodula ni zile za jeki ya milimita 3.5, umbo lilelile la earphone, ila za mono. Ukikwama, aux ya kawaida ya stereo kutoka duka la vifaa vya simu mara nyingi itafanya kazi ya dharura. Usiifanye ndoa.

Upande mwingine wa maungio ni tyuni isiyo ya kinanda. Monologue, iliyotangazwa mwaka 2016, inaruhusu kubadilisha umbali kati ya nota na nota, na Aphex Twin, mwanamuziki wa elektroniki, alishiriki kuishauri Korg juu ya hilo. Anayerekodi marimba ya vidole ya mzee wa kijijini, ambayo tyuni yake ni ya mkono na sikio la aliyeichonga, ataelewa thamani yake. Badala ya kumlazimisha mzee afuate kinanda, unakiambia kinanda kimfuate mzee.

Hatua ya 7: Majina ya kuanzia

Sitakutajia kila kitu kilichopo sokoni. Hivi ndivyo ningeanza navyo kutafuta.

Kwa mpiga kinanda wa kanisa, harusi na kipaimara: Minilogue, iliyotoka 2016. Nota nne, kumbukumbu 200, na skrini inayochora wimbi la sauti unapolichonga, jambo linalofundisha kuliko kitabu. Vitufe vyake ni vyembamba, vidole vinene vitalalamika. Minilogue XD ya 2019 inaongeza osileta ya kidijitali na kumbukumbu 500. Kwa baridi kali na kwa mikono miwili, DeepMind 12.

Kwa prodyuza wa besi na milio: Neutron, ina osileta mbili na matundu 56, ukitafuta mengi kwa fedha kidogo. Mother-32 ya 2015 ina matundu 32 na sikwensa ndani, na filta ya Moog yenyewe. Make Noise 0-Coast ni ya mtu aliyelipenda zoezi la Hatua ya 3 kupita kiasi: inalia kwa mtindo ambao haukufuata njia ya Moog peke yake, na maelezo yake yanataka subira. Moog Grandmother ya 2018 ina kibodi na matundu pamoja. Ndiyo semimodula ambayo mpiga kinanda ataizoea upesi zaidi, ila ni ya nota moja kwa kibodi.

Katikati yupo Monologue. Nota moja, kumbukumbu 100, betri, sikwensa. Haina matundu ya kuchezea, lakini kwa kijana asiyejua bado atakuwa nani kwenye muziki, ningemshauri aanze na hii. Ikimshinda, inauzika.

Na kitu kimoja nakikataa waziwazi: kununua semimodula kwa hoja kwamba "baadaye nitaijenga iwe moduli kamili". Eurorack, mfumo wa moduli alioanzisha Dieter Doepfer Ujerumani katikati ya miaka ya 1990, hauna mwisho. Kasha, pawa, moduli, nyaya, na kila moduli ikija inaita nyingine. Nunua semimodula kwa sababu inakutosha ilivyo.

Hatua ya 8: Kuagiza, kusafirisha, kukagua

Bei ya mtandaoni si bei ya kufika Mbeya. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na ada ya wakala kama unatumia. Ukimpa ndugu anayekuja kutoka nje akubebee, mwombe aje na risiti halisi. Forodha wasipoona risiti, watakadiria wenyewe.

Kutoka Dar mzigo utapanda basi, zaidi ya kilomita 800, na utapita kona za Kitonga. Nobu hazistahimili kulaliwa na gunia. Usitupe boksi la kiwandani, liweke ndani ya boksi kubwa zaidi, jaza nafasi kwa maboksi yaliyokunjwa au nguo nzee, na juu andika kwa maki peni kubwa upande usiolaliwa. Ofisini kwao sema wazi kuwa ni kifaa cha umeme, lipia kama kifaa, uchukue stakabadhi yenye thamani yake. Mizigo ya "weka tu hapo, kaka" haina mwenyewe ikipotea.

Ikifika, usianze kupiga muziki. Iache izoee joto la chumba, washa na sauti ikiwa chini, kisha kagua:

Zungusha kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho huku nota inalia. Ikikwaruza kidogo kwenye chombo kilichotumika, huenda ni vumbi, na spreyi ya kusafishia nobu na swichi itamaliza. Ikiruka ghafla au ikikata, ni nobu mbovu.

Kwa semimodula, chukua waya mmoja tu unaouamini na upitishe kila tundu. LFO iende kwenye kila tundu la kuingiza, usikilize kama kuna badiliko. Inachosha, lakini matundu 56 yanaisha kwa chini ya saa nzima. Halafu chomoa na uhakikishe njia ya kiwandani imerudi. Ile swichi ya nyuma ya tundu ikinasa, tundu litaonekana zima ukichomeka na bovu ukichomoa.

Kwa analogi yenye kumbukumbu, hifadhi sauti yako moja, zima, chomoa adapta, subiri, washa, uione ipo. Piga nota ileile moja mara nyingi mfululizo, ili chombo kipite sauti zake zote nne au kumi na mbili kwa zamu. Sauti moja ikiwa imepinda au bubu, utaisikia ikirudi kila zamu yake inapofika. Hii wauzaji wa mtumba hawaisemi, na kwa kupiga wimbo tu huwezi kuigundua.

Ukimaliza, andika namba ya chombo iliyo chini au nyuma yake pamoja na tarehe ya kukipokea, upige picha hali ya kila upande, na fanya yote hayo kabla siku za kurudishia bidhaa alizokupa muuzaji hazijapita. Huenda zinahesabiwa tangu mzigo ulipokabidhiwa Dar, na basi limekwishakula mojawapo.